Barua Iliyokosa Salamu

Ziwani, Nairobi
Ijumaa baada ya sala, mwezi wa Shaabani

Kwa dada yangu Mishi binti Omari, Takaungu

Kwa heshima na taadhima, na kwa kalamu iliyojaa wino mpaka inavuja, natangaza kwako, na kupitia kwako kwa watu wote wa Takaungu pamoja na mbuzi wao, kwamba mdogo wako Athmani amepewa kiti. Si kigoda wala benchi, wala lile sanduku la majani ya chai nililolikalia darasani miaka tisa mpaka misumari yake ikanijua kwa jina. Ni kiti cha mbao, kina mgongo, na kina mahali pa kupumzishia mikono yote miwili. Mtumishi wa shule alikileta Jumatatu, akakiweka mbele ya darasa, akakipangusa vumbi kwa kofia yake. Watoto wakasimama. Sijui walikisimamia kiti au walinisimamia mimi, na sikuuliza.

Hayo ndiyo matangazo. Sasa usiikunje barua, Da Mishi, wala usimwambie Shemeji Bakari atafute tena kikapu cha safari. Salamu zipo. Safari hii zipo za kutosha na za kubakisha.

Shikamoo dada. Shikamoo tena, kwa ile niliyokunyima mara ya mwisho. Hujambo wewe? Goti la kushoto halijambo, au bado linatangulia kujua mvua kabla ya mawingu? Kisima hakijaingia chumvi? Macho bado yanaliona tundu la sindano bila kuifuata sindano mlangoni penye mwanga? Ukili wa kusukia mikeka mwaka huu unapatikana, au wale wa ng'ambo ya mto wamepandisha tena maringo? Na yule paka wako mwizi, yu hai, au jirani amekwisha kutimiza ahadi yake? Shemeji kifua chake kimepoa? Nimeuliza, na kila moja nangojea jibu lake. Sisi huku wazima. Mwanakombo hajambo, anakusalimu, anasema mkeka ulioletwa na Shemeji hautandiki, ameutundika ukutani ili wageni waone kwamba na yeye ana wifi. Nairobi baridi imepungua. Ramadhani inakaribia nasi tunaingojea kwa afya.

Tangu Shemeji aliporudi huko ni miezi mitatu na sijathubutu kukuandikia, kwa sababu ujumbe wako ulinifikia kama ulivyoutuma: "Mwambieni Athmani asiniandikie tena mpaka akili zake zirudi." Zimerudi, dada. Si zote, lakini za kuandikia barua moja zinatosha. Najua Shemeji amekuhadithia kisa chote, na najua jinsi Shemeji anavyohadithia: kuku akifika kwako amekwisha kuwa mbuni. Basi kisikilize na kwangu, kutoka mwanzo.

Unajua kwamba nafundisha katika shule ya Waislamu wenzetu hapa Pumwani. Nililokuficha ni kwamba miaka yote hiyo tisa nilikuwa mwalimu wa muda. Mwanzo wa mwaka jana ikaja barua kutoka ofisi ya elimu: mwalimu asiye na cheti cha sekondari, kile vijana wanachokiita Senia, hatapewa darasa mwaka utakaofuata. Masomo ya cheti hicho nilikuwa nimeyapasi moja moja, polepole, kama mtu anayeng'oa meno, isipokuwa Kiingereza. Na Kiingereza chenyewe kukisoma hakinishindi. Kinachonishinda ni ile karatasi ya kuandika. Mtu huandika insha moja na barua moja, zikafungwa, zikapelekwa Uingereza kwa meli, na huko Mzungu mmoja asiyekujua wewe wala ukoo wako hukaa nazo akaamua. Nilikuwa nimekwisha kushindwa mara mbili. Mara ya tatu ingekuwa ya mwisho, maana nyumba hii ya Ziwani tumepewa kwa sababu mimi ni mwalimu. Darasa likiondoka, nyumba nayo inaondoka. Na siku hizi za Hali ya Hatari, mtu asiye na kazi wala nyumba hapa mjini hupakiwa kwenye lori akarudishwa kwao kabla hajamaliza kujieleza. Mwanakombo nilimwona akizitazama sufuria zake kama mtu anayezihesabia nafasi kikapuni.

Utauliza nilishindwaje mara mbili, mimi niliyekuwa nikijisifu kwenu kwamba nakiota Kiingereza. Nitakwambia, na ruhusa unayo ya kucheka.

Mara ya kwanza tuliambiwa tumwandikie mwenye duka la vitabu barua ya kuagiza vitabu vitatu. Mimi nikaanza kama nilivyolelewa. Nikamsalimu mwenye duka. Nikamuuliza hali yake, na ya mkewe, na ya watoto aliojaaliwa. Nikamwambia sisi kwa rehema ya Mungu tu wazima, ila mvua zimechelewa. Nikamwombea biashara yake baraka. Nilipokuwa najiandaa kumgusia vitabu, kengele ikalia. Barua ikaenda Uingereza imejaa mapenzi na haina kitabu hata kimoja.

Mara ya pili barua niliiwahi, lakini insha ikaniangusha. Nilianza kama wazee wetu wanavyoanza vitabu vyao, kwa kuungama kwamba mimi ni mja dhaifu, sina elimu, nimejaa makosa, namwomba msomaji asinitarajie makubwa. Inaonekana msahihishaji aliniamini.

Basi Mwanakombo, aliyekuwa amechoka kuniona nikizunguka uani kama kuku aliyepotewa na kiota, akanipeleka kwa Bi Perera. Huyu ni mjane wa Kigoa, anakaa Eastleigh nyuma ya duka tunalonunua unga, na miaka thelathini alikuwa akipiga taipu barua za mawakili. Ni mama mdogo wa umbo, mweupe wa nywele, ana penseli nyekundu sikioni kama fundi seremala. Kila Jumamosi alasiri nilikwenda na daftari langu na bakuli la kaimati za Mwanakombo, kwani malipo mengine aliyakataa. Kaimati alizila. Daftari alilijaza damu.

Siku ya kwanza alisoma barua yangu, akavua miwani, akaniambia kwa Kiswahili chake:

"Mwalimu, Mzungu iko na haraka. Yeye nataka jua kitu moja tu: wewe nataka nini. Mstari ya kwanza, sema."

Nikamuuliza, na salamu je?

"Salamu peleka kwa bibi yako."

Akanieleza kwamba ugonjwa wangu hauko kwenye kalamu, uko kinywani. Mtu anayezunguka akisema atazunguka akiandika. Akaniamuru mwezi mzima, mpaka siku ya mtihani, niishi bila kuzunguka: nikimwendea mtu, neno la kwanza liwe lile lililonipeleka. Nami unanijua, dada, nikipewa dawa huinywa na chupa yake.

Siku hiyo hiyo nikaingia nyumbani nikasema, "Chai." Mwanakombo akaweka chini mwiko, akafunga kanga yake vizuri, akauliza kwa sauti ya chini nani amefariki. Nikamweleza kuwa ni masomo. Alikubali, ila chai ilikuja haina sukari kwa siku tatu.

Jirani yetu Kilonzo sikumweleza. Huyu ni Mkamba, mtu wa reli, ana koti lenye vifungo vya shaba, na kwa miaka saba tumekuwa tukisalimiana penye bomba la maji mpaka ndoo zinamwagika. Nilimkuta pale asubuhi nikamwambia, "Nataka jembe langu." Basi. Akanitazama kama anayetazama treni iliyopita bila kusimama. Jioni jembe lilikuwa mlangoni. Kesho yake likaja chekecheke, halafu ungo, halafu taa ya mafuta, halafu mwiko ambao sisi wenyewe tulikuwa tumeusahau. Alivirudisha vyote alivyowahi kuazima tangu tulipohamia, kimoja kimoja, vimeoshwa. Kisha akaacha kuniona. Nikampelekea Bi Perera habari kwamba dawa inafanya kazi.

Ndipo likaja kosa langu kubwa, na hapo ndipo unapoingia wewe. Nilijiambia: ufupi huu nimeujaribu kwa mke na kwa jirani, sasa niujaribu kwa kalamu, katika barua ya kweli kwa mtu wa kweli. Na nilikuwa na mambo mawili ya kukwambia. La kwanza, kwamba Jumanne ya wiki ile nakwenda kukaa mtihani, uniombee. La pili, kwamba zile kanzu zangu tatu nilizoziacha kwenye sanduku lako hazinitoshi tena, kwa sababu Mwanakombo anapika na mimi nakula, basi uwape watu wazitumie. Unaikumbuka barua yenyewe, lakini naiandika tena hapa ili iwe adhabu yangu:

"Dada, Jumanne asubuhi nasimama mbele ya Wazungu. Niombee. Nguo zangu zilizo sandukuni wape maskini. Sitazivaa tena. Athmani."

Nilimtafsiria Bi Perera. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane aliandika daftarini mwangu alama ya sahihi, kubwa, kutoka pembe hadi pembe. "Hii ndiyo barua," akasema. Nikaipeleka posta nikitembea kifua mbele.

Yaliyotokea Takaungu nilikuja kuyajua kwa Shemeji. Kwamba Shemeji alikusomea umesimama mlangoni, ukakaa chini na buibui lako mwilini. Kwamba Shemeji aliirudia akasema inna lillahi. Kwamba majirani walikuja wakajaa barazani kama matangani, ikasomwa Yasini, na nazi ya mchana ikabaki kwenye mbuzi haikukunwa. Kwamba hapana aliyekuwa na shaka, maana kila wiki redio inataja watu wa Nairobi waliokamatwa na kuhukumiwa, na mtu gani huacha salamu kwa dada yake kama si mtu anayeandika akisimamiwa na askari? Na kwamba wewe uliinuka peke yako, ukafungua sanduku, ukazitoa kanzu zote tatu, ukazifua, ukazianika, ukazifukiza udi, ukamwambia Shemeji azilete. Akakuambia mbona ndugu yako amesema zipewe maskini. Ukamjibu, "Kama ni kusimamishwa, atasimama na nguo zake."

Asubuhi ya Jumanne ile mimi nilikuwa mlangoni, kalamu mbili mfukoni, namaliza chai (sukari ilikuwa imerudi), mara hodi. Shemeji Bakari, macho mekundu kwa safari ya treni, na kikapu kinachonukia papa mkavu kuliko soko zima la Kariokor. Alitupa kikapu, akanishika mabega, akaanza kunipapasa mbavu moja moja.

"Wamekutoa lini?"

"Nani?"

"Hao."

"Shemeji, mimi ndiyo kwanza natoka."

"Kesi ni saa ngapi?"

"Saa nne. Lakini si kesi, ni Kiingereza."

Akanitazama kwa huruma nyingi. "Wamekushtaki kwa Kiingereza?"

Mwanakombo alijaribu kumweleza, lakini Shemeji alikuwa amekuja kutoka Takaungu kushuhudia hukumu na hakuwa tayari kukubali kitu kidogo. Alisema nikienda twende sote. Njiani ndipo aliponieleza habari za nazi, na za Yasini, na za wewe na sanduku, nami nilikuwa nikitembea huku miguu inataka kurudi.

Karibu na Kariokor kulikuwa na kizuizi cha kamba. Askari aliitazama karatasi yangu akanirudishia. Ya Shemeji ilikuwa ya huko pwani, haina ruhusa ya Nairobi. Akaulizwa amefuata nini mjini. Na Shemeji, mtu mkweli, akajibu kwamba amekuja kusikiliza kesi ya shemeji yake. Kesi gani? Shemeji akanionyesha mimi. Askari akaiomba tena karatasi yangu, na safari hii akaisoma kutoka juu.

Saa tatu na nusu ilikuwa imepita. Mlango wa mtihani ukifungwa haufunguliwi. Niliiona nyumba ya Ziwani, darasa, sufuria za Mwanakombo, vyote viko upande wa pili wa kamba ile. Ndipo nikamwona Kilonzo, anakuja kwa baiskeli na koti lake la reli. Kama ipo siku niliyohitaji kusema jambo katika mstari wa kwanza ni ile. Nami nikafungua mdomo, zikatoka salamu. Bwana Kilonzo, habari za asubuhi, habari za nyumbani, mama watoto hajambo, na wale wa Machakosi, mvua zimenyesha huko? Zilikuwa zimejazana mwezi mzima, zikatoka zote kwa pamoja.

Kilonzo alishuka kwenye baiskeli. Akaniacha nimalize mpaka ng'ombe. Kisha akasema, "Mwalimu, mwezi mzima umenisemesha kama unapiga simu ya maandishi. Leo ndiyo siku ya simu, nawe unanisalimu."

"Mtihani saa nne," nikasema. "Huyu ni shemeji yangu."

"Nenda."

Akawageukia askari, akafungua koti vifungo vionekane, akaanza kuwaeleza kwamba mzee huyu ni mgeni wake yeye, na kwamba atampeleka mwenyewe kwenye ofisi ya ruhusa. Karatasi yangu iliporudi mkononi sikusubiri kusikia mwisho. Nilikimbia, dada. Mtu wa kimo changu na tumbo langu, na kanzu niliyoikusanya mkononi. Akina mama wauza ndizi walinipisha.

Nilipoingia ukumbini vijana wote walisimama wakaniamkia, wakidhani mimi ndiye niliyeleta maswali. Nikakaa kwenye dawati la nyuma, magoti yakagonga mbao. Insha niliimaliza bila kumwomba mtu msamaha. Katikati ya barua nikasikia harufu ninayoijua. Kilonzo alikuwa amemkomboa Shemeji na kumleta, na Shemeji alikuwa amechagua kukaa chini ya dirisha hasa, na kikapu chake, ili Wazungu wakinifanya kitu asikie. Msimamizi alikwenda kufunga dirisha moja, halafu la pili, halafu yote. Kijana wa mbele yangu alipiga chafya mara saba, namwombea naye awe amepasi.

Nilipotoka, Shemeji aliuliza wamesemaje. Nikamwambia majibu yatatoka mwezi wa tatu. Akasema mahakama za huku zinachelewa sana. Akauliza nimeandika nini, nikamwambia nimeandika habari za bomba jipya la maji tuliloletewa hapa Ziwani. Bi Perera naye nilimwambia bomba. Kilonzo nilimwambia bomba, na Mwanakombo pia.

Majibu yalifika wiki iliyopita. Nimepita. Si kwa kishindo, lakini nimepita, na ofisi ya elimu imeandika kwamba mimi sasa ni mwalimu, basi, bila 'wa muda'. Nyumba imebaki. Sufuria zimebaki misumarini. Nilikimbia kumwambia Bi Perera, na kabla sijasema neno aliniuliza hali yangu, na ya Mwanakombo, na kama dada mwenye goti kule pwani hajambo, akaniacha nimjibu yote ndipo akanyoosha mkono aone karatasi. Jioni Kilonzo alipiga hodi, akasalimu kwa urefu wake wote, akaomba kuazima chekecheke. Sijapata kufurahi hivyo kwa kuazimwa kitu.

Na zile kanzu zako, Mwanakombo amezipasua ubavuni akatia vipande vya kitambaa kipya. Ukiangalia kwa makini utaona mpaka kati ya Takaungu na Nairobi unavyopita kwapani mwangu. Jumatatu, kilipokuja kiti, nilikuwa nimevaa moja. Udi wako ulikuwa bado umo.

Nisalimie Shemeji Bakari, shahidi wangu, umwambie kesi tumeshinda na papa alikuwa mtamu. Nisalimie Mama mdogo Zainabu, aliyeongoza kunililia. Mwambie ahsante kwa machozi, ayaweke, yatafaa baadaye. Nisalimie mwalimu wa chuo cha Kurani aliyesoma Yasini, naamini ndiyo iliyonivusha pale kizuizini. Nisalimie mkwe wetu Saidi fundi milango, na binamu Hamisi wa kisimani, na wote waliokaa barazani siku ile, wasamehe kwa kukosa matanga.

Sasa limebaki jambo moja, na nimeliweka nyuma kwa sababu mbele lilinishinda.

Hapakuwa na bomba, Da Mishi. Bomba lipo, lakini sikuliandika. Swali lilisema: mwandikie jamaa yako aliye mbali, umpe habari moja muhimu. Bomba nilikuwa nimelifanyia mazoezi nyumbani kwa Bi Perera mara nne. Lakini kichwani nilikuwa na ile nazi haikukunwa. Nikaandika kwa Kiingereza, "Dada mpenzi," na mkono, kwa mazoea ya mwezi mzima, ukaenda moja kwa moja kwenye jambo, na jambo lililokuwapo lilikuwa hili: "Nakuandikia kukushukuru."

Nilisimamisha kalamu. Nimekuandikia barua miaka ishirini na miwili, zimejaa salamu toka juu mpaka chini, goti na kisima na paka, na hakuna hata moja niliyokwambia hivyo. Nilikuwa nakuuliza hali ili nisifike hapo.

Basi nikamwambia yule Mzungu. Kwamba mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka sita nawe kumi na mitatu. Kwamba chuoni ulikuwa umefika mbali, na mwalimu alikuwa akiwaonyesha wavulana mwandiko wako ili waone haya. Kwamba siku moja ulirudi na ubao wako, ukauosha, ukanipa mimi, na tangu hapo mikono yako ikashika ukili. Hukusema kitu, nami nilidhani umechoka kusoma. Kwamba kazi ikiisha ulikuwa ukikaa nyuma yangu, ukaufunika mkono wangu kwa wako, tukaivuta alifu pamoja mpaka ikanyooka. Kwamba mtoto akishindwa na herufi darasani mimi humshika hivyo hivyo, na sijamwambia mtu nimejifunza wapi. Na kwamba nilikuandikia mistari mitatu kwa sababu ya mtihani wangu, nawe ukanifulia kanzu tatu.

Sikuisoma tena. Nilipotoka nikasema bomba, kwa sababu niliona haya kuwaambia watu kwamba mwanamume wa miaka arobaini na minne ameilowesha karatasi ya serikali.

Sasa huko Uingereza kuna mtu aliyesoma shukrani zako kabla yako, kwa lugha usiyoijua, akatia alama yake akaziweka kando. Nimeona si haki. Ndiyo maana barua hii, tofauti na zile za nyuma, nimeiandika kwa herufi za Kiarabu, zile ulizonifundisha, uisome mwenyewe bila mtu kukusomea.

Ahsante, Da Mishi.

Nduguyo,
Athmani